Kuni za Mzazi

Asubuhi ile ya mwezi wa nane ilikuwa njema hapa kwetu Nkololo. Pamba ilishapimwa, mahindi yalishaingia ghalani, na kaupepo kalikuwa kanapeperusha maganda ya karanga uani. Tulikuwa wanawake watano tunapita njiani, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na fungu la kuni kichwani, na tulikuwa tunaimba. Mbele yetu alikwenda Felisita, mjane wa Masele. Kijiji kizima kilimwita Mama Danford, kwa sababu Danford ndiye mtoto wake wa pekee. Siku mbili kabla, Flora, mke wa Danford, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na zile kuni zilikuwa zinakwenda kwake.

Mimi niiteni Mama Goodness. Ni jirani wa Felisita, ni katibu wa jumuiya yetu ya kanisa, na watu husema mdomo wangu hauna mlango. Jamani, ni kweli. Lakini upo wakati mmoja mdomo huu ulifungwa kabisa, na huo ndio ninaotaka kuwaambia ninyi wa hapa Nkololo, na ninyi wa Binza na Sola, na yeyote mwenye mama aliye hai.

Wa mjini hajui kuni ni nini huku kwetu. Miti imekwisha. Mwanamke anatoka asubuhi anarudi mchana na vijiti vya kuchemshia uji mara mbili. Kuni za mgunga mtu anazitunza kama anavyotunza mbegu. Felisita alikuwa nazo rundo moja nyuma ya nyumba, za mgunga mkubwa ulioanguka shambani kwake mwaka aliofariki Masele. Alizipasua kwa shoka mwenyewe, akazifunga mafungu kwa vipande vya kanga yake ya kijani iliyochakaa, na hakuzigusa miaka minne.

Siku ile alizitoa zote.

"Zote?" nilimuuliza. "Sasa wewe, Mama Danford, utapikia nini?"

"Miti ya pamba ipo. Mzazi anakandwa na maji ya moto kweli kweli, siyo ya uvuguvugu. Na moshi wa miti ya pamba ni mkali, utamkosesha mtoto pumzi. Mimi moshi utanifanya nini? Nimeshakaukia kama michembe ya viazi."

Tukacheka. Kila mmoja akainua fungu lake. La kwanza alibeba yeye, la pili Veronica, la tatu mimi. Likumbukeni hilo fungu la tatu.

Mtoto akapewa jina la nyumbani la bibi yake, Kabula. Siku arobaini Flora alikandwa na maji ya kuni zile, na mtoto akaogeshwa nayo, akanenepa mashavu. Felisita huko kwake alikuwa anapikia miti ya pamba. Afisa ugani hutuambia kila mwaka tuing'oe na kuichoma ili wadudu wafe, na kila mwaka wanawake huificha nyuma ya jiko. Jiko la Felisita ni la udongo, fupi, lina katundu kamoja ka kutolea moshi. Ukiingia humo wakati wa kupika unatoka unakohoa na machozi yanakutiririka.

Ilipofika mwezi wa kumi macho yake yalikuwa mekundu. Tulimtania sana. "Mama Danford, umeanza kunywa gongo uzeeni?" Naye hujibu, "Nimeanza, na wewe ndiye unayenipikia." Hakuna aliyeuliza sababu. Wote tulikuwa tunaijua.

Mwezi wa kumi na moja mtoto alishikwa homa Jumatatu. Wazazi wakamnunulia dawa dukani wakangoja ashuke joto. Jumatano walipomkimbiza hospitali alikuwa amelegea. Alhamisi tulizika.

Sitaeleza kilio cha siku ile. Flora hakutoa sauti kabisa. Danford ndiye aliyelia mpaka akaanguka, na mama yake akampakata kichwa pale chini, mwanaume mzima wa miaka thelathini na miwili. Wiki tatu baadaye, mvua imeshanyesha na kila mtu yuko shambani na plau, maksai wake wawili wakafa. Mmoja Ijumaa, mwingine Jumapili. Hapo ndipo Danford alipoanza kutangatanga. Asubuhi unamkuta barabarani, mchana yuko kwenye kaburi la mtoto, ukimsalimia anakutazama kama umemtukana. Shamba lake likaota majani. Alikuwa mwanakwaya, na kila Ijumaa Kuu ndiye aliyekuwa anabeba msalaba wetu. Kanisani akawa haonekani tena.

Rafiki yake, mtu anaitwa Mboje, ndiye aliyempeleka kwa mganga, mbali huko ng'ambo ya mto. Mboje mwenyewe alinisimulia baadaye, kichwa chini. Mganga alitikisa kibuyu chake, kisha akasema: "Mbaya wako hayuko mbali. Anakutazama kwa macho mekundu, na moshi wake unafika mlangoni pako."

Basi. Hakutaja jina. Na kwa nini ataje? Huku kwetu macho mekundu ya mama mtu mzima huitwa ya mchawi. Nyumba ya Felisita na ya Danford zinatazamana, katikati ni ua tu.

Kwetu hapa mtoto hampiti mama yake asubuhi bila salamu. Hata kama jana mlirushiana maneno, unasema, "Mwangaluka, mayu," na mama anaitikia, "Mwangaluka," ndipo siku inaanza. Asubuhi iliyofuata Felisita alikuwa anafagia. Danford akatoka kwake, akampita karibu kabisa, akaenda zake. Felisita alibaki na fagio mkononi. Aliniambia alidhani hakumwona, akamwita. Danford hakugeuka.

Alianza kukosa raha. Anapika, hali chakula. Anakwenda shambani, anarudi kabla jua halijapanda. Anakuja kwangu, anakaa kidogo, anasimama, anakaa tena. "Mama Goodness, kuna nini? Mwanangu ana nini?" Na mimi nilikuwa nimeshasikia. Kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia isipokuwa yeye. Nikamwambia, "Ni msiba, atatulia."

Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza tulikuwa pampuni, wanawake kama kumi na wawili, Felisita akiwamo, ndoo zimepangwa. Danford akaja, na Mboje nyuma yake. Hakuja kuchota maji.

"Nasema mbele yenu wote," alisema. "Huyu si mama yangu. Amenilia mtoto, amenilia ng'ombe, sasa anataka kunila mimi. Nampa mpaka Jumapili ya wiki ijayo ahame. Akiwepo bado, nitaezua nyumba, na yatakayompata baada ya hapo nisiulizwe."

"Danford," Felisita alisema. "Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Hata nyoka anazaa."

Sisi wa huku tunajua nini huwapata wanawake waliotajwa uchawi. Tumewazika. Wapo waliokutwa shambani wamekatwa, na hakuna aliyeona wala kusikia. Kwa hiyo Danford aliposema vile, hakuna mtu pale pampuni aliyedhani anazungumzia mabati tu. Felisita alielewa kuliko wote. Aligeuka akatutazama mmoja mmoja kwa yale macho yake mekundu.

Mwanamke wa mbele akasogeza ndoo yake mbali naye. Wa pili akasogeza. Nami, Mungu anisamehe, nikasogeza yangu.

Mtaniuliza, si ulijua? Nilijua! Nilijua macho yale yalitoka wapi kama ninavyojua jina la mwanangu. Lakini nilijua pia kwamba anayemtetea aliyetajwa hutajwa yeye kesho, na mimi nina watoto, nina kuku, nina ng'ombe mmoja anayekohoa. Nikabeba maji yangu nikaenda nyumbani. Usingizi ukanipotea tangu siku hiyo.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya jumuiya, na zamu ilikuwa ya kusali kwa Felisita. Mimi katibu nikashika simu, nikaandika kwenye grupu: "Ndugu wapendwa, kutokana na mvua, leo tutasalia kwa Mama Goodness." Hapakuwa na mvua. Jua lilikuwa linawaka mpaka mbwa wamejificha.

Alikuja. Tumeshaanza wimbo, akaingia na bakuli la matobolwa, viazi vitamu vikavu vya kuchemsha, aliyokuwa ametupikia tangu asubuhi, moshi unanuka kwenye nguo zake. Akalitua katikati ya mkeka, akakaa mlangoni peke yake. Hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua. Tukasali Baba Yetu, na yeye anasali nasi, mpaka tulipofika pale pa kuomba kusamehewa kama tunavyosamehe. Hapo akanyamaza. Sauti yake ni nzito, tumezoea kuifuata, kwa hiyo ilipokatika na sisi tulitetereka. Tulipomaliza, katekista akamtazama.

"Mama Danford, umechoka?"

"Msiniite hivyo. Niiteni Felisita, jina nililobatizwa. Na sijachoka. Lile neno siwezi kulisema leo, na sitalisema mpaka niweze. Mungu si mtoto wa kudanganywa."

Katekista wetu anaitwa Januarius. Ni fundi baiskeli, mikono yake ina grisi mpaka siku ya Pasaka, na hana maneno matamu. Alisogea akachukua tobolwa moja, akala. Akachukua la pili. Tulikuwa tunamtazama kama mtu anayekula sumu.

"Tamu," akasema. "Ninyi fungeni tu."

Kisha akamuuliza Felisita anasali nini siku hizi. Felisita akajibu bila aibu.

"Jana mchana nilimwambia Mungu, kama ni wewe uliyenipa Danford, basi mchukue. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu. Usiku nikapiga magoti nikamwambia asimchukue, nilikuwa na hasira. Leo asubuhi sijui nilimwambia nini. Nilikuwa nazunguka tu uani naita, Yesu, Yesu, kama mtu aliyepotelewa na mbuzi."

"Alisalitiwa na mtu aliyekula naye sahani moja," Januarius alisema. "Huyo unayemwita anaijua habari hiyo. Mwite hivyo hivyo. Lakini Jumatatu unakwenda kwa mtendaji wa kijiji, halafu unakwenda polisi Bariadi, dawati la jinsia, ukaandikishe maneno aliyosema Danford."

"Nimshitaki mwanangu? Ukristo gani huo?"

"Na ukimwacha akakuua, utakuwa umempenda? Utakuwa umemfanya muuaji wa mama yake. Kusamehe ni kazi ya moyo, Felisita, na moyo utachukua siku zake. Jumapili ya Danford haitangoja moyo wako."

Felisita alishika kichwa. Alisimama, akakaa. Mwisho akasema, "Nitakwenda. Lakini Kiswahili changu cha ofisini ni kibovu."

Januarius akanigeukia mimi. "Katibu atakwenda naye. Si anajua kuandika? Leo ameandika mpaka mvua."

Nilitamani ardhi inimeze. Jumatatu tukaenda.

Mtendaji aliandika barua, polisi wakachukua maelezo, dada mmoja mpole akasema watafika kijijini. Tulipotoka pale macho ya Felisita yalikuwa yanamwaga machozi kwa jua, nikasema tupite hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, mgeni wa huku, Kisukuma hajui hata salamu. Akamulika lile jicho, akamulika hili.

"Muulize, nyumbani anapikia nini?"

Nikauliza. Felisita akajibu, miti ya pamba, na samadi ikikosekana. Nikatafsiri.

"Ndani, hapana dirisha? Basi ni moshi. Na ile miti hupigwa dawa za wadudu, huenda nayo inazidisha. Ameanza lini?"

Nikauliza, ameanza lini. Felisita hakumtazama daktari. Alinitazama mimi.

"Mwambie wewe," akasema kwa Kisukuma. "Ulibeba fungu la tatu."

Daktari anangoja, kalamu iko juu ya karatasi. Nikasema, "Tangu mwezi wa nane, dokta. Tangu mkwe wake alipojifungua. Kuni zake nzuri zote alimpa yule mzazi." Daktari akaandika, akatoa dawa ya matone, akasema mama apikie nje. Kwake yalikuwa yameisha.

Nikapanda gari na Felisita, tukarudi Nkololo. Tuliposhuka, tukatembea kidogo, akasimama.

"Flora naye anajua."

"Anajua."

"Na wote mliobeba."

"Wote."

"Kumbe nilikuwa nazikwa na watu wazima wenye akili zao," alisema, akaenda kwake.

Wiki ile sikuweza kukaa. Nikiosha chombo nakiosha mara mbili. Alhamisi nikaenda kwa Flora wakati mumewe hayupo. Nilimkuta amekaa jikoni, hapiki chochote. Nikamwambia yote ya hospitali. Alisikiliza, kisha akanyanyua turubai pembeni. Chini yake lilikuwepo fungu moja la mgunga, bado limefungwa kwa kipande cha kanga ya kijani.

"Lilibaki hili," alisema. "Mtoto alipokufa sikuweza kuliwasha."

"Flora, kwa nini hukumwambia Danford?"

"Nilimwambia siku ya kwanza. Akasema mama ameshaniroga na mimi, ndiyo maana namtetea. Akasema nikirudia, tutahama pamoja, mimi na huyo mchawi wangu." Akalifunika lile fungu. "Na mimi, Mama Goodness, nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa. Usiponisikia nikilia ujue nawaza zile siku mbili tulizokaa na homa ndani."

Nikarudi nyumbani.

Jumapili ilifika. Ibada iliisha saa tano, na kabla hatujatoka kanisani tukasikia nyundo. Tukakimbia. Danford alikuwa juu ya nyumba ya mama yake, na Mboje ameshika ngazi, na vijana wengine wawili wasio wa hapa wamesimama chini na mapanga, hawasemi na mtu. Mabati mawili yalishatupwa chini. Felisita yumo ndani. Mlango uko wazi na tulimwona amekaa kwenye kigoda, rozari mkononi, jua linamwangukia kichwani kutoka pale palipoezuliwa. Watu wamejaa uani. Hakuna aliyesema neno. Januarius alikuwa anapiga simu, anapiga tena, anapiga tena. Akaiweka mfukoni, akaenda akasimama mlangoni kwa Felisita na ile mikono yake ya grisi, katikati yake na wale vijana.

"Katekista, toka," Danford alisema kutoka juu.

"Shuka unitoe."

Bati la tatu likang'oka. Hapo Flora akatokea upande wa kwao. Alikuwa na lile fungu kichwani. Alipita katikati ya watu, akafika chini ya ngazi, akalitupa chini mpaka vumbi likaruka.

"Danford! Tazama chini! Haya ndiyo macho mekundu ya mama yako!"

Danford alisimamisha nyundo.

"Kanga hii ni ya nani? Maji niliyokandwa nayo siku arobaini yalichemshwa na nini? Kabula aliogeshwa na maji ya nini? Uliambiwa moshi wake unafika mlangoni pako. Haukufika hata siku moja! Aliumeza yeye huko jikoni kwake ili usifike kwetu!"

"Nani amekutuma useme hayo?"

"Mtoto wangu!" Flora alisema, na ndipo alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Jamani, nilikuwa nimesimama pale katikati ya watu. Nikasikia sauti, na ilikuwa yangu. "Mimi nilibeba fungu la tatu." Nikasema tena kwa nguvu, "Danford, fungu la tatu nilibeba mimi, na mama yako alisema moshi utamkosesha mtoto pumzi, ndiyo maana anatoa zote." Veronica akasema, "La pili nilibeba mimi." Nyuma huko mwingine akasema, "La nne." Na wa mwisho, "La tano," anasema huku analia.

Mboje aliachia ngazi. Wale vijana wawili walikwishaanza kurudi nyuma, na gari la polisi lilipoonekana barabarani na mtendaji ndani yake, walikimbia mpaka wakakamatwa kwenye majaruba ya mpunga. Danford hakukimbia. Alikaa juu ya nyumba ya mama yake, miguu inaning'inia kwenye lile tundu, anamtazama mama yake kwa juu.

Wazee wa ukoo wakamwendea Felisita haraka haraka. Mama, tuyamalize nyumbani, ni mwanao, wewe ni Mkristo, sema tu umemsamehe waondoke. Polisi naye akamwuliza, mama, tuandike au tuache? Felisita alitoka nje, akafuta macho.

"Andikeni," alisema. "Nikiweza kumsamehe nitamsamehe. Lakini andikeni."

Wakamchukua Danford, na Mboje, na baadaye mganga naye akafuatwa. Sitaingia katika mambo ya mahakama. Danford alikaa mahabusu, akatoka kwa masharti, akaamriwa aezeke ile nyumba na asimtishe tena mama yake. Aliezeka. Felisita alimwachia uji mlangoni, akaondoka kwenda kukaa kwangu mpaka kazi iishe.

Miezi mitano ilipita. Kila Jumamosi tunasali, na tukifika pale, Felisita ananyamaza. Hakuna aliyemhimiza. Wapo waliosema moyo wake mgumu. Januarius aliwaambia, "Heri yeye anayejua anachosema. Ninyi mnalimaliza Baba Yetu kama mnafukuza kuku."

Mwezi wa sita, asubuhi, nilikuwa uani kwa Felisita namletea moto. Tukaona watu wamesimama njiani wanacheka, wengine wameziba midomo. Danford alikuwa anakuja na mzigo wa kuni kichwani. Kichwani, jamani! Mwanaume wa Kisukuma akiwa na kuni huzifunga kwenye baiskeli au huzipakia kwenye mkokoteni. Kichwani ni mzigo wa mwanamke, na baiskeli yake ilikuwa nzima kabisa, imeegemea ukuta wa nyumba yake. Alikuwa amekwenda porini mbali, tangu jana yake. Shingo imeingia ndani, jasho linamtoka, na watoto wanamfuata wanamzomea. Alipita mbele yao wote. Akafika, akaweka mzigo chini, akapiga magoti.

"Mwangaluka, mayu."

Felisita alikuwa ameshika fagio. Alimtazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa meupe, matone yalikuwa yamesaidia, na jiko sasa liko nje. Nilisikia kuku wanaparua.

"Mwangaluka," aliitikia.

Akaendelea kufagia, akamzunguka pale alipopiga magoti, akafagia mpaka mwisho wa ua. Danford akalia kwa ile salamu moja kuliko alivyolia kaburini. Jumamosi ile, tulipofika pale kwenye Baba Yetu, sauti nzito ikaendelea. Ilitetemeka, lakini ilifika mwisho.

FUNZO

Ndugu zangu, ukiambiwa mbaya wako ana macho mekundu, kabla hujamwita mama yako mchawi, ingia jikoni kwake uone anapikia nini, na uulize kuni zake nzuri alimpa nani. Mtoto akishikwa homa mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Waganga wa ramli wanaishi kwa misiba yetu, na hawaji kuzika.

Na wewe uliyesalitiwa na wako wa damu, mwite Mungu hata kwa hasira, hata kwa maneno yasiyo na mpangilio. Anasikia. Usijilazimishe kusema umesamehe ili watu wakusifu, na usikubali kuambiwa kwamba Mkristo haendi polisi. Felisita alikwenda polisi Jumatatu na akasamehe mwezi wa sita, na siku zote hizo alikuwa Mkristo.

La mwisho ni langu. Baada ya yote nilimwendea kuomba radhi. Alikuwa anachambua maharage, hakuacha.

"Danford alidanganywa," alisema. "Flora alimwogopa mumewe, na ana kidonda cha mtoto. Wewe ulijua, na ukasogeza ndoo. Wewe utaningoja kidogo."

Nangoja. Tunasali pamoja kila Jumamosi, anakuja na matobolwa, tunakula, tunacheka. Lakini tukifika pale pa kusamehe, mimi huacha kusali, nasikiliza. Jumamosi nyingine analisema lote. Jumamosi nyingine ananyamaza tena kidogo, na mimi najua sasa ni zamu ya nani.